Mkia wa Mchoro: Kukadiria Uhai wa Muda Mrefu wa Wagonjwa wa Saratani Mtwara na Lindi

Ukichora uhai wa wagonjwa wa saratani tangu siku walipogundulika, mstari huporomoka kwa kasi mwaka wa kwanza na wa pili, kisha huanza kulala. Sehemu hiyo iliyolala, yaani mkia, ndiyo kila mtu anaisubiri, maana inasema wangapi watakuwa hai baada ya miaka mitano, saba au kumi. Ndiyo pia inayodanganya kuliko sehemu nyingine zote. Mkia unaweza kulala kwa sababu watu wamepona. Unaweza pia kulala kwa sababu watu walirudi kwao Nanyumbu au Liwale, wakafia nyumbani, wakazikwa, na habari isifike hospitali. Modeli ya takwimu haioni tofauti ya hayo mawili. Kwa hiyo katika mwongozo huu hesabu zimepewa nafasi yake, lakini kazi ya kuwatafuta watu imepewa nafasi kubwa zaidi ya ile inayopewa kwenye vitabu vya takwimu.

Mahitaji ni machache: faili za wagonjwa, kompyuta ya kawaida, na programu ya takwimu ya R, ambayo ni ya bure. Kama kituo kinatumia CanReg5, programu ya usajili wa saratani inayotolewa bure na IARC (shirika la kimataifa la utafiti wa saratani), toa data kama faili la CSV na ulisome ndani ya R. Kama kila kitu bado kiko kwenye madaftari, jedwali la Excel linatosha. Kibali cha maadili kiombwe kabla ya kufungua faili la kwanza, na majina yabaki kwenye jedwali la pembeni lenye nywila. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayahusu pia majedwali ya utafiti.

Jedwali na tarehe zake

Kila mgonjwa apate mstari mmoja. Safu zake ni hizi: namba ya utafiti, jinsi, umri, wilaya na kijiji, aina ya saratani kwa alama za ICD-O-3, orodha ya kimataifa ya kuainisha saratani (C53 ni mlango wa kizazi, C50 titi, C61 tezi dume, C15 umio), hatua ya ugonjwa, hali ya VVU, tarehe ya kuanzia, tarehe ya mwisho aliyojulikana, hali yake siku hiyo (1 amefariki, 0 yu hai), na safu ambayo wengi huiacha kisha wakaijutia: habari hiyo ya mwisho ilitoka wapi. Kliniki? Simu ya mwanawe? Mtendaji wa kijiji? Bila safu hiyo, miezi sita baadaye hutajua kama "hai" maana yake alionekana au hajasikika kufa.

Tarehe ya kuanzia iwe ya aina moja kwa wote. Utaratibu wa usajili wa saratani ni kuchukua kwanza tarehe kinyama kilipokatwa kwa ajili ya vipimo. Isipopatikana, chukua tarehe kilipopokelewa maabara, na ya tatu ni tarehe ya majibu. Kwa Kusini jambo hili lina uzito wake, kwa sababu sampuli hukatwa Mtwara na majibu yakatoka mbali baada ya wiki kadhaa. Ukichanganya, mmoja akaanza na kukatwa na mwingine akaanza na majibu, umewapa wa kwanza wiki kadhaa za uhai ambazo wa pili amenyimwa.

Kuna kosa kubwa kuliko hilo. Mtu anahesabu uhai kuanzia siku mgonjwa alipoanza mionzi kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kisha anawalinganisha na wale ambao hawakwenda, waliohesabiwa tangu siku ya kugundulika. Ili uanze mionzi, lazima kwanza uwe hai mpaka siku ya kupanda basi, safari ya zaidi ya kilomita 500. Waliofariki wakisubiri nauli au nafasi wameangukia kwenye kundi la "hawakutibiwa". Matokeo yataonyesha mionzi inafanya miujiza hata kama isingesaidia chochote. Dawa yake ni kuchagua alama moja, tuseme miezi minne baada ya kugundulika, kuwaondoa wote waliofariki au kukatika (yaani habari zao kuishia wakiwa hai) kabla ya hapo, kuwagawa waliobaki kulingana na tiba waliyokwisha kuipata kufikia siku hiyo, na kuanza kuhesabu kuanzia hapo. Anayekwenda kutibiwa baada ya alama abaki kwenye kundi lake la mwanzo.

Tarehe za vifo zinazotoka kwa ndugu hazifuati kalenda ya ukutani. Utaambiwa "alifariki Mfungo Sita", "kabla ya arobaini ya babu yake", "korosho zilikuwa zinaanza kuanguka". Usiandike "haijulikani". Mfungo Sita ni mwezi wa Maulidi, nao hurudi nyuma takribani siku 11 kila mwaka: mwaka 2022 Maulidi ilikuwa Oktoba, mwaka 2023 ikawa mwishoni mwa Septemba. Weka kalenda ya Kiislamu ya miaka yote ya utafiti pembeni ya simu. Ukipata mwezi bila siku, andika tarehe 15. Ukipata mwaka tu, andika tarehe 1 Julai, na uongeze safu ya kuonyesha kwamba tarehe ni ya kukadiria. Baada ya hapo kagua kama kuna aliyefariki kabla ya kugundulika. Wapo kila mara, na karibu kila mara chanzo ni hizo tarehe za kukadiria.

Muda uhesabiwe kwa siku, kisha ugawe kwa 30.44 kupata miezi. Aliyefariki siku ile ile ya kugundulika atakuwa na muda 0, na modeli nyingi zitamkataa. Mpe nusu siku. Ambaye saratani yake imejulikana kutokana na cheti cha kifo peke yake hana muda wowote wa kuhesabu, kwa hiyo hesabu idadi yao, iripoti, na uwatoe.

Kuwatafuta waliokatika

Kwanza chagua tarehe ya kufunga, mathalani 31 Desemba 2023. Swali kwa kila mgonjwa ni moja: siku hiyo alikuwa hai? Aliyefariki Machi 2024 ataandikwa hai kwa tarehe ya kufunga, hata kama msiba wake umehudhuria. Ukiviingiza vifo vya baada ya kufunga huku walio hai umewaacha kwenye tarehe yao ya mwisho ya kliniki, unawapendelea wafu, na mstari unashuka kuliko hali halisi.

Kosa la upande wa pili ndilo la kawaida zaidi. Mtu anawachukua wote wasio na taarifa ya kifo, anawajazia tarehe ya kufunga, basi wamekuwa hai. Mkia unanyooka kama meza. Mgonjwa ambaye faili lake linakoma Juni 2019 ana uhai wa kuthibitishwa mpaka Juni 2019 tu.

Kutafuta kufuate ngazi. Anza na simu, na simu zilipaswa kuchukuliwa tatu siku ya kwanza: yake, ya ndugu, na ya jirani au mwenye duka la karibu. Namba ya mgonjwa mwenyewe mara nyingi ni ya mtoto wake aliyeko Masasi mjini. Piga baada ya magharibi, watu wakiwa wametoka shamba. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, kaya nyingi zimehamia mashambani kuokota korosho na habari hupati, lakini wakati huo huo ndipo watu hukutana ghalani kwenye chama cha msingi, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayekaa pale asubuhi moja anaweza kukujibia majina kumi. Safari za vijijini zipangwe kabla ya Desemba. Mvua za Desemba hadi Aprili zikishika, barabara za udongo zitakupangia ratiba yao.

Simu zikishindikana, nenda kwa mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, na balozi. Usiutaje ugonjwa. "Shikamoo mzee, tunamtafuta mteja wetu wa hospitali tumjulie hali" inatosha, na ukiulizwa zaidi sema huna ruhusa. Jina peke yake halitoshi hata kidogo. Selemani wa faili ni Suleiman wa kitambulisho, Mohamedi ni Muhammad, na mwanamke aliyesajiliwa kwa jina lake na la baba, kijijini anajulikana kama Mama Hamisi na huenda hata mtendaji hajawahi kulisikia lile lingine. Linganisha angalau vitu vitatu: jina la kwanza, kijiji, na umri au jina la ndugu aliyeandikwa. Vikilingana viwili tu, mhesabu kuwa hajapatikana.

Ukishamaliza, kila ambaye hajafariki awe na sababu ya kukatika: ama alifikia tarehe ya kufunga akiwa hai, ama amepotea. Makundi haya mawili kwenye hesabu yanaonekana sawa, lakini maana zao ni mbalimbali kabisa. Wanaopotea hupotea kwa njia mbili zinazovutana: anayejisikia mzima haoni sababu ya kulipa nauli, na anayezidiwa anapelekwa nyumbani akafie kwao. Huwezi kukisia ni upi uliozidi. Inabidi uupime.

Hesabu kwa mkono

Njia ya Kaplan na Meier, iliyochapishwa mwaka 1958, ifanye angalau mara moja kwa kalamu. Ukiifanya kwa mkono ndipo utaona shida inaingilia wapi. Chukua wanawake 10 wa mfano (namba ni za mazoezi), miezi yao ikiwa imepangwa, alama ya kujumlisha ikionyesha aliyekatika:

3, 7, 9+, 12, 15, 20+, 28, 36+, 60+, 74+

Kila kifo kinapotokea, uliza walikuwapo wangapi muda mfupi kabla yake, kisha zidisha.

Mwezi wa 3: walikuwapo 10, wamebaki 9. 9/10 = 0.900
Mwezi wa 7: walikuwapo 9. 0.900 × 8/9 = 0.800
Mwezi wa 9: mmoja amekatika. Mstari haushuki, lakini waliopo wanapungua.
Mwezi wa 12: wamebaki 7. 0.800 × 6/7 = 0.686
Mwezi wa 15: wapo 6. 0.686 × 5/6 = 0.571
Mwezi wa 20: mmoja amekatika.
Mwezi wa 28: wapo 4. 0.571 × 3/4 = 0.429

Baada ya hapo hakuna kifo. Mkia umelala kwenye asilimia 43 mpaka mwezi wa 74. Tazama kifo cha mwezi wa 28: mtu mmoja kati ya wanne ameushusha mstari kwa pointi 14. Ukikokotoa kosa sanifu (kipimo cha shaka ya makadirio) kwa kanuni ya Greenwood, nusu ya shaka yote inatoka kwenye kifo hicho kimoja. Masafa ya uhakika ya asilimia 95 ni kuanzia 11 hadi 72, ukitumia njia ya "log-log" (R yenyewe hutumia njia nyingine usipoiambia, kwa hiyo andika conf.type = "log-log"). Asilimia 43 yenye ncha 11 na 72 haifai kusemwa redioni.

Tuseme aliyekatika mwezi wa 9 na yule wa 20 ndio waliopotea, na wale watatu wa mwisho walithibitishwa hai tarehe ya kufunga. Fanya hesabu mara mbili zaidi. Mara ya kwanza wachukulie kuwa walifariki muda mfupi baada ya kuonekana: vifo vinakuwa 7 kati ya 10, mkia unalala kwenye 0.30. Mara ya pili wachukulie wako hai mpaka mwisho: vifo 5 kati ya 10, mkia kwenye 0.50. Kwa hiyo watu wawili wasiojulikana walipo wanaitoa namba kwenye 30 wakaifikisha 50. Ripoti yoyote ya uhai wa muda mrefu kutoka mikoa hii iwe na mistari hiyo mitatu, wa kati na wa pande mbili. Ukiona wa juu na wa chini wameachana kuliko tofauti unayotaka kuizungumzia, kwa mfano tofauti ya hatua ya II na ya III, rudi kutafuta watu. Modeli haitakusaidia hapo.

Kwenye R mstari ni mmoja, baada ya kupakia paketi ya survival:

km <- survfit(Surv(miezi, kifo) ~ 1, data = saratani)

Chini ya mchoro andika idadi ya waliokuwapo kila baada ya miezi 12, na uukate mchoro pale wanapobaki chini ya 10. Ukiuacha mkia uendelee na watu wawili, msomaji atauamini.

Ufuatiliaji wenyewe nao upimwe. Geuza alama, kifo kiwe kukatika na kukatika kuwe tukio, kwa Surv(miezi, 1 - kifo), na usome mediani yake, yaani mwezi ambao mstari unashuka chini ya nusu. Kwa wanawake wetu 10 jibu ni miezi 36. Usitumie wastani wa miezi ya wote, maana waliofariki mapema watakushushia muda wa ufuatiliaji ilhali hao umewafuatilia mpaka mwisho.

Lini modeli ya kupona inaruhusiwa

Wazo la kuwagawa wagonjwa katika mafungu mawili, waliopona na ambao ugonjwa utawamaliza, liliandikwa na Boag mwaka 1949, na Berkson na Gage wakaliendeleza mwaka 1952. Uhai wa wote kwa mwezi t ni:

S(t) = p + (1 − p) × U(t)

p ni fungu la waliopona, U(t) ni uhai wa ambao hawakupona, ambao mwishowe unafika sifuri. "Kupona" hapa ni neno la takwimu: kundi ambalo kasi yake ya vifo imerudi kuwa sawa na ya watu wengine wa umri na jinsi yao. Halimwambii Bi Somoe wa Mikindani kwamba yeye binafsi amepona, na daktari asilitumie hivyo chumbani.

Kwa namba: p = 0.30, na U(t) ni Weibull (moja ya maumbo ya hisabati ya mstari wa uhai) yenye umbo 1.2 na kipimo cha miezi 18. Mwezi wa 24, (24/18) kwa kipeo cha 1.2 ni 1.412, U ni e kwa kipeo cha −1.412, yaani 0.244, na S = 0.30 + 0.70 × 0.244 = 0.47. Mwezi wa 60, U imebaki 0.014, na S = 0.31. Yaani kwa modeli hii, baada ya miaka mitano karibu wote ambao hawakupona wameshaondoka na mkia umefika sakafuni. Data inayoishia mwezi wa 24 haiwezi kuuona mkia huo. Itaubuni.

Kabla ya kuifunga modeli jiulize maswali matatu. Je, saratani hii kwa asili yake inatulia? Ya mlango wa kizazi, vifo vyake vingi huja miaka ya mwanzo, kwa hiyo wazo la mkia lina mantiki. Saratani ya titi yenye vipokezi vya homoni huweza kurudi baada ya miaka 10 na zaidi. Mkia wa miaka mitano hapo ni mapumziko tu. Je, ufuatiliaji umepita mbali baada ya kifo cha mwisho? Na je, walioko mkiani walionekana kweli?

Kwa swali la pili kuna kipimo cha Maller na Zhou. Chukua mwezi wa kifo cha mwisho, uzidishe kwa 2, toa mwezi mrefu kuliko wote. Hesabu vifo vilivyotokea kati ya jibu hilo na kifo cha mwisho, gawa kwa idadi ya wagonjwa, toa kwenye 1, kisha pandisha kwa kipeo cha idadi ya wagonjwa. Kwa mfano wetu: 2 × 28 − 74 = −18, kwa hiyo vifo vyote 5 vimo ndani. (1 − 5/10) kwa kipeo cha 10 ni 0.001. Iko chini ya 0.05, kipimo kinasema ufuatiliaji umetosha, endelea. Sasa angalia: hawa ni wanawake 10, wawili hawajulikani walipo, na mkia unaweza kuwa 30 au 50. Kipimo kimepita bila kuuliza. Kinachukulia kwamba kukatika hakuna uhusiano na ugonjwa, na hicho ndicho hasa hatukijui. Kipitishe, lakini kisikupe usingizi.

Kuiendesha modeli yenyewe

Paketi ya flexsurvcure inafanya kazi hii bila vurugu:

m <- flexsurvcure(Surv(miezi, kifo) ~ hatua, data = saratani, dist = "weibull")

Ukiandika hivi, hatua ya ugonjwa inaathiri fungu la waliopona peke yake. Ukitaka iathiri pia kasi ya vifo vya ambao hawakupona, ongeza anc = list(scale = ~ hatua). Mara nyingi inafaa, maana ugonjwa uliochelewa kugundulika hupunguza wanaopona na pia huwaharakisha waliobaki.

Soma matokeo kwa uangalifu, hapa watu wengi huteleza. Theta, yaani p ya kundi la msingi, huchapishwa kama sehemu ya moja, tuseme 0.45 kwa hatua ya I na II. Namba ya hatua ya III na IV, tuseme −1.3, iko kwenye kipimo cha logiti, yaani logi ya p/(1 − p). Huwezi kutoa 1.3 kwenye 0.45. Igeuze kwanza: 0.45/0.55 = 0.818, logi yake ya asili ni −0.20, ongeza −1.3 upate −1.50, rudisha, 0.223/1.223 = 0.18. Kwa hiyo fungu la waliopona linashuka kutoka asilimia 45 hadi 18. Alama ya kutoa hapa ni habari mbaya, kinyume na mazoea ya modeli ya Cox (ya kulinganisha kasi za vifo za makundi) ambako namba chanya ndiyo mbaya.

Rudia modeli kwa "lnorm" (log-normal) na "llogis" (log-logistic). Maumbo haya matatu yanaweza kufanana sana sehemu yenye data na kuachana mkiani. p zikikaa karibu, 0.31, 0.29, 0.33, una kitu cha kuandika. Moja ikisema 0.35 na nyingine 0.10, data yako haina uwezo wa kuamua, hata kama AIC, alama ya kulinganisha modeli, imechagua mshindi. AIC hupimwa pale vifo vilipo, na mkiani hakuna vifo. Vivyo hivyo p ikikimbilia sifuri, au kosa lake sanifu likawa kubwa kuliko yenyewe. Hapo achana na modeli ya kupona, toa Kaplan-Meier ya miaka miwili na mitatu, na uiambie hospitali ukweli. Kipimo cha haraka cha ukubwa: vifo visipungue 10 kwa kila kigezo unachoweka. Mwenye vifo 40 asiweke umri, hatua, VVU, wilaya na aina ya tiba pamoja.

Kuhusu modeli ya Cox ya mwaka 1972, ambayo kila mmoja amefundishwa: inafaa kulinganisha makundi miaka ya mwanzo. Kwa mkia inasumbua, kwa sababu inadai uwiano wa kasi za vifo ubaki ule ule muda wote, na kama sehemu ya wagonjwa inapona, uwiano huo hubadilika. Endesha cox.zph, kipimo cha R cha sharti hilo. Ikilalamika, isikilize.

Vifo visivyo vya saratani

Mgonjwa wa tezi dume mwenye miaka 72 anaweza kufariki kwa malaria, kiharusi, au pikipiki. Sababu ya kifo kutoka kijijini haiaminiki vya kutosha kuwatenganisha, kwa hiyo tumia uhai wa kulinganisha: gawa uhai ulioonekana kwa uhai uliotarajiwa kwa watu wa umri na jinsi ile kwenye jamii. Wakionekana 0.40 baada ya miaka mitano na jamii ikitarajiwa 0.92, uhai dhidi ya saratani ni 0.435. Paketi ya relsurv hukadiria uhai huo kwa njia ya Pohar Perme.

Ndani ya flexsurvcure, kasi ya vifo vya jamii huingizwa kupitia bhazard, nayo iwe kwa kizio kile kile cha muda. Jedwali la vifo hutoa uwezekano wa kufa ndani ya mwaka. Kama ni 0.02, kasi ya mwezi ni −ln(0.98)/12 = 0.0017. Ukiingiza 0.02 yenyewe wakati muda wako ni miezi, umeiambia modeli kwamba jamii inakufa mara 12 zaidi, na fungu la waliopona litapaa mpaka utafurahi. Furaha ya ghafla kwenye p ni dalili ya kukagua vizio.

Jedwali lenyewe lina mipaka miwili kwa huku. Wanawake wanaoishi na VVU wana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi takribani mara sita ya wasio na VVU, kwa hiyo wenye VVU ni wengi zaidi kati ya wagonjwa wako kuliko kwenye jamii iliyotumika kutengeneza jedwali. Vifo vyao vya sababu nyingine viko juu ya jedwali, na tofauti hiyo saratani inabebeshwa. Toa matokeo ya wenye VVU na wasio nayo mbalimbali. Kwa wenye VVU, Kaplan-Meier ya kawaida ni ya kweli zaidi kuliko uhai wa kulinganisha.

Wa pili ni umri. Hesabu umri unaoishia na 0 au 5. Ukiwa sahihi, unapaswa kuwa kama asilimia 20 ya wote. Ukikuta 40, angalau robo ya umri wa faili ulikisiwa dirishani. Wakati wa kumtafuta mgonjwa, muulize mwenyewe au ndugu kwa matukio: Uhuru wa 1961 alikuwa amezaliwa? Wakati watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa alikuwa mtoto au ameshaolewa? Vita ya Kagera, 1978, alikuwa na mtoto wa kwanza? Dakika tano za hivyo humsogeza mtu miaka minane.

Kuandika matokeo

Sentensi ya ripoti ibebe vitu hivi: saratani gani na hatua zipi, waligundulika miaka ipi, tarehe ya kufunga, walipotea wangapi kati ya wangapi, mediani ya ufuatiliaji, uhai kwa mwaka wa 1, wa 3 na wa 5 pamoja na masafa yake ya uhakika, mistari ya pande mbili, na ndipo p, kama ipo, na p za maumbo mengine. Waliopotea wagawanywe kwa wilaya. Mara nyingi utakuta Mtwara mjini wamepotea wachache na Liwale wengi, na ile "tofauti ya uhai" kati ya wilaya uliyotaka kuiandika ilikuwa tofauti ya barabara.

Kama bajeti imebaki na ni lazima uchague kati ya leseni ya programu ya kulipia na bodaboda za siku sita kumzungusha mhudumu wa afya vijiji vya Tandahimba na Newala, lipa bodaboda, na umpe orodha iliyopangwa kwa kata, walioko mkiani wakitangulia.